Siku Tatu za Ufunguo Kwenye Uji

Sikuuficha mimi. Nilipewa. Kuficha na kupewa ni vitu viwili, na kama unabisha zunguka hapa Ilomba, Mbeya, uulize wazee waliobaki, ingawa waliobaki masikio yamekufa, itabidi upige kelele. Ufunguo wa geti la karakana niliwekewa kiganjani na katibu wa wafanyakazi mwenyewe, mume wangu akiwa anaangalia, ndiyo nikautumbukiza kwenye sufuria ya uji. Na uji niliuchemsha. Hakuna aliyeumwa tumbo. Meneja ndiye aliyekunywa mwingi kuliko wote, na siku ya tatu mashavu yalikuwa yameanza kujaa.

Wakati ule lami ya kwenda Zambia ilikuwa bado mpya, unaiona inang'aa, na Wachina walikuwa wanajenga reli. Mbeya yote ilikuwa magari. Na magari yanakuja uchi, hujui? Lori linafika lina injini na kiti cha dereva tu, nyuma mifupa mitupu. Sasa pale karakana ndipo linapovalishwa bodi, mbao na chuma, mpaka liwe lori la heshima la kubeba mahindi. Karakana ilikuwa ya Singasinga mmoja mwenye kilemba chekundu, halafu serikali ikaichukua, ikawa ya umma. Mume wangu alikuwa fundi bodi humo. Mimi nilikuwa na jiko langu nje ya geti, na benchi moja, nauza uji na maandazi na maharage ya mchana. Siku hizi mnatuita mama lishe. Zamani walikuwa wanasema tu, "Yule Mhehe wa getini."

Sasa nisikudanganye nikajifanya shujaa. Wenzangu walikuwa wanapigania karakana. Mimi nilikuwa napigania nisirudi Kilolo.

Kilolo ni kwetu, sikatai. Lakini shamba la mama mkwe wangu lilikuwa kwenye mlima mkali hivi kwamba maharage yakikudondoka kwako unayaokota kwa jirani. Na mama mkwe mwenyewe alikuwa na sauti ya kutokea puani. Ukungu bado umelala, hata kuku hawajashuka, unasikia dirishani, "Kamwene, mke wa mwanangu. Jembe linakuulizia." Jembe linaniulizia. Miaka miwili jembe liliniulizia kila asubuhi. Tulipopata kazi ya Mbeya niliondoka na sufuria kichwani bila kugeuka nyuma, na nikaapa jembe lile likiniulizia tena liambiwe nimekufa.

Basi karakana ikaanza kuumwa. Mabati hayaji. Rangi haiji. Gari likitaka kutengenezwa lazima karatasi iende Dar es Salaam, irudi, na karatasi nazo zilikuwa zinasafiri kwa miguu nadhani. Mshahara ukachelewa mwezi, ukachelewa wa pili, na katikati ya wa pili meneja akaletewa gari jipya jeupe. Hapo ndipo pilipili iliingia jichoni.

Halafu yakatoka maneno mkoani. Serikali inafikiria. Itie hela tena karakana ipone, au ifunge, mitambo ipelekwe Iringa kwenye karakana nyingine. Wee, mji mzima ukawa mawaziri. Ukienda bombani kuchota maji, wanawake wanajadili. Ukienda sokoni, kuna mkulima mmoja wa kahawa kutoka Mbozi, mrefu, anaongea kama anahesabu punje, "Mimi. Nachuma. Kahawa. Mvua. Inaninyeshea. Halafu kahawa yangu iende kumlisha fundi anayekaa kivulini?" Na muuza vitambaa pale jirani na msikiti, babu yake alitoka Bagamoyo, yeye anajibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Na hiyo kahawa yako, sheikh, inatoka Mbozi kwa miguu yake yenyewe? Si inapanda lori?" Mkulima anafikiri. "Inapanda. Lakini dereva. Namlipa." Wanaanza tena.

Katibu wetu wa wafanyakazi alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, lakini sauti Mungu alimpimia ya mtu mwingine. Mkutano akiuitisha tunausikia jikoni. Siku moja nikamsikia, "Ndugu wafanyakazi. Nawauliza swali. Kalakana hii ya nani?" Wakajibu, ya serikali. "Na selikali ni nani?" Wakajibu, ni sisi. "Haya. Sasa nani anatucheleweshea mshahala?" Halafu mtu wa nyuma, mpaka leo hajajulikana, akasema taratibu, "Ni sisi." Mkutano ukavunjika kwa kicheko.

Na hapo, kabla sijafika kwenye ufunguo, nikutajie Msukuma, maana bila Msukuma hii habari haina miguu. Yule mzee alihama kwao kaskazini na ng'ombe zake, akateremkia bonde la Usangu. Akauza zizi zima, akanunua lori moja kukuu, akalileta kwetu livalishwe bodi ya kubebea ng'ombe. Watu walimwambia karakana haina mbao. Akaenda mwenyewe Iringa, akarudi na mbao zake, nzuri, zimenyooka, akazipanga uani kwa mikono yake. Wakamwambia hakuna bolti. Akaenda, akarudi na bolti kwenye mfuko wa chumvi, mume wangu akaziweka kwenye sanduku lake la vifaa. Halafu hakuna kilichofanyika. Meneja anasema kazi haianzi mpaka karatasi itoke Dar. Katibu anasema kazi haianzi mpaka mshahara utoke. Lori limekaa uani, mvua inalinyeshea mifupa.

Kila mwezi mzee anakuja, fimbo begani, shuka moja, anakaa kwenye benchi langu. "Mwangaluka, mama. Lori langu limevaa?"

"Bado, baba. Lina suruali tu. Shati bado."

"Haya." Anakunywa uji, anarudi Usangu. Mtu wa maneno machache. Watu wakadhani hana maneno kabisa.

Mume wangu zile bolti zilikuwa zinamuwasha. Akija nyumbani anakaa, anaangalia viganja. Namwambia, baba watoto, si uifanye tu ile kazi? Anasema, "Nikifanya peke yangu, wenzangu wataniita kibaraka wa meneja." Basi usifanye. "Nisipofanya, wataifunga." Basi fanya. "Wewe mwanamke unanichanganya." Nikamwambia nimekukuta umeshachanganyika.

Ikafika Jumatatu. Meneja anakuja asubuhi na gari lake jeupe, anakuta mnyororo kwenye geti, kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto, na mafundi wote wako ndani wanaimba. Wamemfungia nje. Miaka ile ilikuwa kama ugonjwa wa mafua, kila siku unasikia mahali fulani meneja kafungiwa. Kabla hajafika, katibu alikuwa amepitisha mkono kwenye nafasi ya geti, akaniambia, "Dada, shika. Ufunguo ukikaa ndani, mmoja wetu atalainika. Ukikaa nje, meneja atautafuta. Weka mahali ambapo meneja hawezi kuangalia."

Nikaufunga waya, nikautumbukiza, nikafunika.

Na meneja naye, maskini, akazungusha macho, akaona mahali pa kukaa ni pamoja tu. Benchi langu. Akakaa siku tatu.

Yule meneja alikuwa mtu wa Tanga, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Akiomba uji utafikiri anaposa. "Dada yangu, kama hutojali, naomba unijaze kidogo. Ahsante sana. Wallahi uji huu una kitu ndani yake, sijui ni kitu gani." Mimi nasema ni hiliki, bwana meneja. Anasema, "Hapana, si hiliki. Kuna ladha fulani ya, nisemeje, ya nguvu." Nikageuka kupuliza moto ili asinione uso.

Sasa kazi zangu zikawa mbili. Nje nalisha meneja, ndani napitisha chakula cha mafundi kwenye nafasi ya geti. Na mdomo wangu hauwezi kukaa na sauti ya mtu bila kuitoa. Nikifika getini nawaigizia meneja, "Dada yangu, waambie hao ndugu kwamba gari si langu, ni la ofisi, mimi mwenyewe nalionea aibu." Mafundi wanacheka mpaka wanakaa chini. Nikirudi kwenye benchi namwigizia katibu, "Tutakaa humu mpaka mifupa yetu iote majani." Meneja anacheka, halafu anafuta macho kwa kitambaa, anasema, "Lakini dada, kweli wanakula? Blanketi wanazo?" Nikaanza kumpenda kidogo, ingawa sikumwambia kuhusu uji.

Blanketi nilipeleka. Walikuwa wanalala uani juu ya mbao za Msukuma. Mchana wanazipanga juu ya matofali, zinakuwa mabenchi ya mkutano. Jioni wanazilaza chini, zinakuwa kitanda. Mume wangu akaniambia getini, kwa sauti ya chini, "Mbao nzuri kweli. Hazina hata jicho la tawi." Nikamwambia ndiyo maana mnalala fofofo.

Alhamisi afisa akaja kutoka wizarani. Suti ya vifungo vinne, mkoba, na kalamu ya dhahabu imechomekwa mfukoni. Watu wakajaa barabarani, mkulima wa kahawa yupo, muuza vitambaa yupo, na Msukuma naye siku yake ilikuwa imefika, yupo na fimbo yake. Afisa akasimama mbele ya geti lililofungwa, akatoa karatasi kwenye mkoba, akasema, "Wananchi, mimi sikuja kubishana. Nimeona geti. Geti limeniambia kila kitu. Serikali haiwezi kumwagilia mti uliokwishakauka. Leo nasaini, karakana hii tunaizika."

Nikasikia kabisa sauti ya puani, nakwambia, dirishani, jembe linaniulizia.

Lakini nikamtazama yule afisa vizuri. Ile namna ya kuvuta maneno, na ile pua. Nikamuuliza, "Mheshimiwa, samahani. Wewe kwenu Songea?"

"Ndiyo, mama. Mngoni kamili."

"Mimi Mhehe."

Watu wa nyuma wakaanza kucheka hapo hapo, maana walishajua. Mhehe na Mngoni ni watani. Mababu walipigana mpaka wakachoka, wakaona bora wataniane. Sisi tunawaambia wanakula panya, wao wanatuambia tunakula mbwa. Na mtani hakasiriki, hata umvue kofia. Msibani ndiyo zaidi. Mtani anaingia kaburini, analala, anasema hazikwi mtu hapa mpaka mnikomboe, na wafiwa wanatafuta cha kumkomboa huku wanalia na kucheka.

Basi nikatandika kanga yangu pale kwenye mdomo wa geti, nikalala chali.

"Umesema unazika," nikamwambia. "Unazika bila mtani? Nyie Wangoni panya wamewalevya. Maiti hii haizikwi."

Dereva wa afisa akaziba mdomo. Afisa akasimama, karatasi mkononi. Nilimwona anapigana na uso wake. Cheo kinamwambia nuna, Songea inamwambia cheka. Mwisho Songea ikashinda. "Na wewe Mhehe, mbona umelala barabarani? Mbwa wa mji huu mmeshawamaliza, unangoja gari likugongee mwingine?"

Mji ukalipuka. Nikaamka nikakaa, nikanyoosha mkono, nikaichomoa ile kalamu mfukoni mwake kabla hajashusha pumzi. "Hii inakombolewa kwa jogoo," nikasema. "Mwekundu. Asiwe na makengeza."

Angefanya nini? Watu wote wanaangalia. Akamtuma dereva sokoni. Na bila kalamu hasaini, na bila kusaini hana kazi ya kufanya, basi akasema, "Haya, wakati jogoo anatafutwa, nifungulieni nione huyo marehemu wenu."

Katibu ndani akanitazama mimi. Mafundi wote wakanitazama mimi. Nikainuka, nikafunua sufuria, nikavuta waya. Ufunguo ukatoka unachuruzika uji.

Meneja alikuwa na kikombe mdomoni. Akakishusha polepole. Akauangalia ufunguo, akaangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Dada yangu," akasema. "Nilisema si hiliki."

Tukaingia. Afisa akapewa nafasi ya mbele kwenye ubao uliolala juu ya matofali, meneja pembeni yake, katibu upande wa pili, mafundi na watu wa sokoni wakajibana kwenye mbao zilizobaki. Na mjadala ukafunguliwa, maana kila mtu alikuwa amelala nao wiki nzima. Katibu akasema serikali ikitia hela basi ipitie mikononi mwa wafanyakazi. Meneja akasema, "Ndugu zangu, hebu tustahimiliane, hela bila mabati ni sawa na pazia bila dirisha." Mkulima akasema, "Kahawa. Yangu." Muuza vitambaa akasema hata yeye ana kilori cha kubebea vitambaa, na karatasi yake imekaa Dar mpaka imeota mvi. Afisa akasema serikali ina watoto wengi, ikimpa huyu yule analia. Katibu akasema mtoto asiyelia hufia mgongoni. Mimi nikaombwa nimwigize marehemu, kama watani wanavyofanya, nikamwigiza karakana mwenyewe anakohoa, anamwita Singasinga wake aje amuone jinsi alivyokonda. Walicheka sana. Hata afisa alipiga paja.

Lakini saa zilikuwa zinakwenda, na nikaona kitu ambacho kilinitia baridi. Wanacheka vizuri, wanasema vizuri, na hakuna hata mmoja amesogea upande wowote. Afisa alikuwa anacheka na karatasi iko pale pale gotini. Mume wangu alikaa mwisho wa ubao, anaupapasa kwa kidole kama mtu anayempapasa ng'ombe.

Dereva akarudi na jogoo. Mwekundu, macho yamenyooka. Sikuwa na njia, mila ni mila, mtani akishakombolewa anatoka kaburini. Nikamrudishia kalamu yake. Akaifungua. Akatandaza karatasi juu ya ule ubao, akainyoosha na kiganja.

Ndipo Msukuma akasogea. Alikuwa amesimama muda wote, hakukaa, na mimi sikuwa nimejiuliza kwa nini hakukaa. Akaja mpaka mbele ya afisa, akagonga ubao kwa ncha ya fimbo, mara moja, pale karibu kabisa na karatasi. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayefukuza ndama kwenye mahindi, na alipomaliza, kalamu ikarudi mfukoni, meneja na katibu wakajikuta wameinuka pamoja kama walioitwa jina moja, na mume wangu alikuwa ameshafika kwenye sanduku lake, anamimina bolti. Afisa alikaa mpaka jioni kwenye benchi langu la nje, akamla jogoo wake mwenyewe kwa ugali, huku anasikiliza nyundo. Ile karatasi aliikunja akaondoka nayo hivyo hivyo, pa saini peupe. Na mimi, kama unavyoniona, niko Ilomba, si Kilolo.

Mzee alisema hivi:

"Nyote mmekalia lori langu. Inukeni."